Dirhamu Tatu: Nauli, Abiria na Mapato ya Tramu ya Dubai



Tramu ya Dubai ilizinduliwa tarehe 11 Novemba 2014. Siku kumi kabla, Mamlaka ya Barabara na Usafiri ilikuwa imepandisha nauli za metro na mabasi. Kwa mwenye kadi ya malipo ya Nol ya daraja la kawaida, nauli ya chini ilitoka dirhamu 1.80 hadi 3, na ya juu 5.80 hadi 7.50. Mtafiti anayetaka kulinganisha abiria wa tramu kabla na baada ya ongezeko hilo hana pa kuanzia, maana tramu ilizaliwa bei imeshapanda.

Hata hivyo hesabu ina la kutuambia. Aendaye mbali aliongezewa kama asilimia 29. Aendaye karibu, asilimia 67. Na tramu ni chombo cha safari fupi: kilomita 10.6, vituo 11, Al Sufouh hadi Dubai Marina, yote ndani ya kanda moja ya nauli. Ukipanda kituo kimoja ni dirhamu 3, ukimaliza njia nzima ni 3 zile zile.

Wachumi wa usafiri wana kanuni ya kukadiria iliyotokana na mabasi ya Marekani: nauli ikipanda asilimia 3, abiria hupungua asilimia 1. Mapitio makubwa yaliyotolewa Uingereza mwaka 2004 yaliongeza jambo ambalo wapanga nauli hupenda kulisahau, nalo ni muda. Upungufu wa abiria wa basi baada ya miaka kadhaa huzidi mara mbili ule wa mwanzo. Tuchukue mfano wa kubuni: abiria 1,000 wakilipa 1.80, mapato ni dirhamu 1,800. Nauli ikawa 3, wakaondoka 200. Waliobaki wanaleta 2,400, na mhasibu anachekelea. Walioondoka wakifika 400, mapato yanarudi 1,800 kamili.

Wanakwenda wapi? Pale Marina mshindani wa kwanza wa tramu ni miguu. Mwezi Januari, mlinzi kutoka Uganda au mhudumu wa hoteli kutoka Mombasa anaweza kutembea vituo viwili kandokando ya maji, dirhamu zake zikabaki mfukoni. Julai, joto likipita nyuzi 40, mtu yule yule atalipa bila kunung'unika. Kwa hiyo wastani wa mwaka mzima unaficha watu wawili ndani ya mtu mmoja.

Tena kuna abiria ambaye kwake tramu haina bei. Anayetoka Deira kwa metro hulipa 7.50 kufika Marina. Akiunganisha tramu ndani ya nusu saa, inahesabika safari moja na kiasi hakibadiliki. Mpandishie nauli ya kanda moja upendavyo, yeye hataisikia. Na yupo anayejipandishia mwenyewe: behewa la daraja la dhahabu ni dirhamu 6 kwa njia ile ile na mwendo ule ule. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipengele chenye akili zaidi katika mfumo wa Dubai, kwani mwenye nacho anaongeza mapato kwa hiari yake.

Mwezi Agosti 2024 nauli haikuguswa, ila kiwango cha chini cha kuongeza salio la kadi ya Nol kwenye dirisha la tiketi la vituo vya metro kilitoka dirhamu 20 hadi 50. Kwa anayetuma nyumbani kila kinachobaki, hizo ni fedha zilizofungiwa ndani ya kadi.

Tangu 31 Januari 2025, mwenye gari hulipa dirhamu 6 kwenye lango la Salik, la tozo ya barabara, saa za msongamano na 4 saa nyingine za mchana. Tramu bado inatoza 3 saa zote. Ningependa wajaribu dirhamu 2 nje ya msongamano, Novemba hadi Machi, kipindi ambacho watu wanaweza kutembea, kisha wahesabu abiria kwa miaka miwili kabla ya kutoa hukumu.