KUTIA WINO NA KUPAKWA WINO



Kiswahili kina matendo kadha ya wino, na kila tendo lina neno lake. Kalamu ya mwanzi huchovywa katika kidau. Muhuri hupigwa juu ya karatasi. Herufi za risasi za mashine ya kupigia chapa zilipakwa wino kabla ya karatasi kulazwa juu yake. Na kalamu ya kujazwa hutiwa wino tumboni, kama taa inavyotiwa mafuta.

Kupaka na kutia si jambo moja. Kupaka ni kueneza kitu juu ya kingine: mtu hupaka mafuta mwilini, hupaka chokaa ukutani, na kilichopakwa hukaa nje. Kutia ni kuingiza: chumvi hutiwa mchuzini, nayo ikiisha kuyeyuka haitoki tena. Ndiyo sababu watu husema kutia moyo, kutia nia na kutia sahihi. Neno sahihi limetoka katika Kiarabu, na maana yake ni jambo la kweli lisilo kasoro. Basi mwenye kutia sahihi huingiza ukweli wake ndani ya maandishi.

Heshima ya wino ni ya zamani katika pwani. Mwaka 1858 Mwana Kupona alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha, na mwanzoni kabisa alimtaka mtoto huyo ashike vifaa vya kuandikia. Wosia wa kudumu haukuachiwa masikio peke yake.

Lakini si wote waliokutana na wino kwa heshima. Kwa sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wanaume Waafrika wa Kenya walichukuliwa alama za vidole, kisha wakabeba kipande ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inia shingoni. Watu hao walipakwa wino. Hakuna aliyewauliza nia yao. Mwaka 1947 ilitungwa sheria ya kuandikisha watu wa kila rangi.

Siku hizi mpiga kura naye hupakwa wino kidoleni, ili asipige kura mara mbili. Wino huo haumfungi kwa neno lolote. Baada ya muda huondoka wenyewe.

Dole gumba chini ya hati ni habari nyingine. Hata kama karani ndiye anayelipaka wino, mwenye dole ndiye anayetia alama. Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, yataka mkataba wa kuuza ardhi uandikwe, utiwe sahihi na pande zote, na kila sahihi ishuhudiwe na mtu aliyekuwapo. Tena, katika sheria hiyo, kutia sahihi ni pamoja na kuweka alama tu, ikiwa alama hiyo yaonyesha kwamba mtu amekusudia kufungwa na maandishi. Kwa hiyo alama ya asiyejua kusoma ina uzito sawa na jina la mwalimu.

Hapo ndipo ilipo hatari. Mzee aweza kuambiwa kwamba karatasi ni ya kukodisha shamba kwa misimu miwili, kumbe ni ya kuliuza. Mahakama yaweza kubatilisha hati iliyopatikana kwa udanganyifu, lakini mwenye kudai kwamba alidanganywa ndiye atakayetakiwa kuthibitisha, na kesi hula fedha na miaka.

Basi yafaa kila mtu, kabla ya kunyosha dole, asomewe hati yote kwa lugha anayoijua, na msomaji awe mtu asiye na faida katika jambo hilo. Na aulize: Je, ni kukodisha au kuuza? Ni eka ngapi? Ni bei gani, nayo italipwa lini? Asitie alama kamwe katika karatasi tupu, hata akiambiwa kwamba maneno yatajazwa baadaye. Na asiondoke bila nakala yake.

Wino uliopakwa doleni huondoka kwa sabuni na maji. Uliotiwa katika hati hauoshwi, na majuto ni mjukuu.