Waliosimama Rhotia

Dominika ya 15 ya Mwaka C. Injili: Luka 10:25–37



Wapendwa wasikilizaji, Injili ya leo inatuweka barabarani. Mtu mmoja anateremka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko, anavamiwa, anaachwa kando ya njia akiwa nusu mfu. Wanapita watu watatu, na wote watatu wanamwona. Tuliangalie vema jambo hilo, maana tumezoea kudhani kwamba kuhani na Mlawi walikuwa vipofu. La hasha. Walikuwa na macho mazima kama ya Msamaria. Tofauti yao naye ilikuwa katika miguu: wao walipita upande wa pili, yeye akasogea karibu.

Sisi tuishio Karatu tunayo barabara yetu ya Yeriko. Inatoka Makuyuni, inapita Mto wa Mbu, inapanda ukingo wa Bonde la Ufa, inavuka Rhotia, kisha inafika Karatu na kuendelea hadi lango la Ngorongoro. Kila siku magari ya watalii huipita, pamoja na malori ya mazao, pikipiki, na watoto waendao shule kwa miguu.

Jumamosi tarehe 6 Mei 2017, asubuhi, basi la shule ya msingi Lucky Vincent ya Arusha lilikuwa katika barabara hiyo. Lilibeba wanafunzi wa darasa la saba waliokuwa wakija Karatu kufanya mtihani wa majaribio pamoja na wenzao wa huku. Penye mteremko wa Rhotia liliacha njia na kutumbukia katika bonde la Mto Marera. Walikufa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva wao. Watoto watatu walibaki hai, wakiwa wameumia vibaya sana.

Wananchi waliteremka bondeni. Katika barabara ile ile walikuwa wakisafiri Wamarekani wa kujitolea wa shirika la STEMM, lenye makao yake Sioux City katika jimbo la Iowa. Nao walisimama, wakashuka, wakawatafuta walio hai kati ya waliokufa, wakawahudumia. Tuwafikirie kidogo watu hao. Hawakuwa na undugu na watoto wale, wala lugha yao haikuwa moja. Wangeweza kusema kwamba nchi hii ina polisi wake na waganga wake, wakaendelea na safari. Walisimama.

Injili inatufundisha kwamba kusimama ni mwanzo tu. Msamaria alimfunga yule mtu majeraha, akampandisha juu ya mnyama wake, akamfikisha katika nyumba ya wageni, akalipa, akaahidi kurudi. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa watoto watatu wa Rhotia. Walitibiwa Arusha, na Dominika ya tarehe 14 Mei 2017 walisafirishwa kutoka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro kwenda Sioux City. Walibebwa na ndege ya shirika la Samaritan's Purse, jina lililochotwa katika Injili hii hii tuliyoisikia. Walifanyiwa upasuaji, wakafundishwa upya kutumia viungo vyao, na mwezi Agosti mwaka huo wakarudi nyumbani. Hakuna mtu mmoja aliyeyafanya yote hayo. Mmoja alishuka bondeni, mwingine alifunga jeraha, mwingine alitafuta ndege, mwingine alipika chakula cha mgonjwa. Hata Msamaria alimhitaji mwenye nyumba ya wageni. Kwa hiyo tusijitetee kwa kusema kwamba uwezo wetu ni mdogo. Tunaombwa tutimize sehemu yetu tu.

Hapa, wapendwa, linazuka swali ambalo tungekuwa waoga tukilikwepa. Watatu walipona. Je, wale 32? Tarehe 8 Mei majeneza yalipangwa katika uwanja wa Sheikh Amri Abeid mjini Arusha, na maelfu ya watu walikusanyika kuaga. Kati ya marehemu walikuwamo watoto wa Kikristo na wa Kiislamu. Kila jeneza lilikuwa na mama yake. Tutamwambia nini mama yule anapowaona watatu wakirejea salama, na wa kwake hakurejea?

Wengi wetu hukimbilia kusema: ni mapenzi ya Mungu, jipe moyo, utapata mwingine. Tunasema hivyo kwa nia njema, lakini mara nyingi tunasema ili sisi wenyewe tupate nafuu, maana kilio cha mwenzetu kinatutisha. Wahenga walikuwa wakweli kutuzidi: uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Marafiki wa Ayubu walipomfikia waliketi naye chini siku saba mchana na usiku bila kumwambia neno, na katika siku hizo hawakukosea lolote. Walianza kukosea walipofungua kinywa kumweleza sababu. Naye Bwana wetu alipofika kaburini kwa Lazaro alijua kwamba baada ya kitambo kidogo atamfufua. Hata hivyo hakuwaambia Martha na Maria wanyamaze. Alilia pamoja nao.

Basi tusidai kwamba tunaujua uchungu wa mwenzetu. Hatuujui. Huruma ya Kikristo ni kukataa kumwacha peke yake ndani ya uchungu huo, hata pale tusipokuwa na jibu. Swali la mama yule tutalibeba pamoja naye mbele ya Mungu. Hatutamnyang'anya kwa jibu la haraka.

Sasa tujitazame. Gari linapopinduka katika vijiji vyetu, mkono wa kwanza unafanya nini? Kuna mkono unaoinua simu ili kupiga picha za majeruhi na maiti, na mzazi anaujua msiba wa mwanawe kwa njia ya picha hizo kabla hajaambiwa na mtu. Kuna mkono unaopekua mifuko ya aliyelala barabarani. Tukiri kwamba mikono hiyo haitoki mbali; baadhi yake imebatizwa. Tumefundishwa kwamba mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Ni hekima ya kujihadhari, wala hatuikatai. Injili inadai zaidi: kabla hujatia maji kichwani mwako, mshike mkono yule anayenyolewa.

Makatekista na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, tunawaomba jambo moja. Msiba una siku zake za watu wengi, sufuria kubwa na nyimbo. Kisha matanga huanuliwa, na nyumba hubaki na kimya chake. Andikeni katika daftari la jumuiya tarehe ya msiba wa kila familia. Mwezi wa tatu mpitieni mfiwa, mwaka ukitimia mpitieni tena, na mlitaje jina la marehemu bila hofu. Mama aliyefiwa haogopi kusikia jina la mwanawe. Anaogopa lisije likasahaulika.

Tena kuna huruma inayotangulia ajali. Dereva apunguzaye mwendo mteremkoni, mwenye gari akaguaye breki kabla ya safari, mzazi aulizaye watoto wangapi wamepakiwa: hao nao ni Wasamaria, ingawa hakuna atakayewashukuru, kwa sababu hakuna aliyeumia. Hatusemi haya kumhukumu mtu yeyote. Tunayasema kwa ajili ya watoto watakaopita Rhotia kesho.

Ndugu wapendwa, ndani ya eneo la Ngorongoro, mahali paitwapo Laetoli, wataalamu walizigundua mwaka 1978 nyayo zilizogandishwa katika majivu ya volkano miaka ipatayo milioni 3.6 iliyopita. Ni nyayo za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili, mkubwa na mdogo, sambamba. Hazituambii kabila wala dini. Zinatuambia kwamba katika nchi hii watembeao kwa miguu walipita kabla yetu sote, na kwamba hatua za mdogo zilipita kando ya hatua za mkubwa.

Mwanasheria alitaka kupimiwa jirani yake anaishia wapi. Yesu hakumpimia mpaka. Alimtuma barabarani akatende kama yule mgeni alivyotenda. Wiki hii nasi tutapita njiani. Tukimwona aliyeanguka, tusivuke upande wa pili.

Mungu awapumzishe kwa amani watoto wa Rhotia, walimu wao na dereva wao, na awakumbatie wazazi wao.

Amina.