Ukuta wa Bwawa la Bustani: Tujenge kwa Kitu Gani?

Leo tunataka kuzungumza juu ya ukuta. Si ukuta wa nyumba. Ni ukuta wa bwawa dogo la bustani, lile linalojengwa juu ya ardhi, la kuwekea maji ya kumwagilia mboga na kufugia perege wachache.

Mtu atauliza: kwa nini tujenge juu, tusichimbe tu? Huku kwetu Liuli, karibu na ziwa, mahali pengi ardhi ni mchanga. Ukichimba shimo na kulijaza maji, asubuhi hukuti kitu. Na masika yakija, maji machafu ya mlimani huingia shimoni pamoja na matope. Basi tunajenga juu. Lakini maji yaliyo juu ya ardhi husukuma kila upande, usiku na mchana.

Tupige hesabu. Bwawa lina urefu wa mita 3, upana wa mita 2, na maji ya kina cha sentimeta 60. Hayo ni lita 3,600, yaani ndoo 180 za lita 20. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1. Ukuta mmoja wa mita 3, peke yake, unasukumwa kwa nguvu inayozidi uzito wa magunia 5 ya mahindi ya kilo 100. Tena sikilizeni hili: ukiongeza kina mara mbili, msukumo hauwi mara mbili. Unakuwa mara nne. Hapo ni zaidi ya magunia 21. Ukuta ukipasuka wakati mtoto anacheza pembeni, hatutazungumza tena habari za mboga. Kwa hiyo sentimeta 60 zinatosha.

Sasa, ukuta huu una kazi mbili: kuhimili msukumo, na kuzuia maji yasivuje. Wengi wetu tunatafuta kitu kimoja cha kufanya kazi zote mbili, na fedha zinakwisha.

Tofali bichi, hapana. Likilowa linarudi kuwa udongo. Hata ukilipaka saruji, ufa mdogo tu unatosha kulimaliza. Miti nayo hapana. Mtu atasema, mbona mtumbwi ni mti na unakaa majini miaka? Kweli, lakini mtumbwi haufukiwi ardhini kwenye mchwa.

Tofali la kuchoma linafaa, likiwa limeiva. Gonganisha mawili: yaliyoiva hulia wazi, mabichi hutoa sauti nzito. Kisha lipime moja kwenye mizani likiwa kavu, lilaze majini mchana kutwa na usiku kucha, ulipime tena. Tofali la kilo 3 likizidi kilo 3 na gramu 600, linakunywa maji mno. Liache. Na tusisahau kuni za tanuri, maana miti yetu inapungua.

Sisi tunachagua jiwe. Jiwe halilowi likalainika. Pomonda linapigwa na mawimbi ya Ziwa Nyasa tangu enzi za mababu, na lipo. Ligonge kwa nyundo. Likimeguka au likitoa unga, limeoza. Chimba msingi mpaka ardhi ngumu, jenga unene wa sentimeta 40, na kila jiwe lilale juu ya mawili. Nafasi kubwa zijaze kwa vijiwe, si kwa saruji tupu. Saruji inafika kwetu baada ya kupanda milima ya Umatengo na kushuka. Bei yake haikushuka.

Kuzuia maji ni kazi ya saruji. Kwa kujengea, ndoo 1 ya saruji kwa ndoo 4 za mchanga. Kwa lipu ya ndani, 1 kwa 3, mikono miwili, halafu niru. Mchanga uwe safi: tia kidogo kwenye chupa ya maji, tikisa, acha utulie. Tope likikaa nene juu ya mchanga, uoshe kwanza. Mahali pa kuchota mchanga na mawe, iulizeni serikali ya kijiji, maana ufuko ukichotwa ovyo ziwa linakula ardhi. Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Pimeni kabla ya kuchimba msingi.

Lipu ikikamilika, ifunike kwa magunia mabichi, uyamwagie maji siku 7. Watu wengi wanaharakisha hapa, na nyufa huanzia hapa. Kisha jaza bwawa, acha wiki moja, mwaga maji yote. Fanya hivyo mara tatu, kwa sababu maji ya saruji mpya ni makali na yanaua samaki. Perege wawekwe kwenye maji ya mara ya nne.