Nani Yumo Ndani ya Seva? Kumtafuta Mtumiaji kwa Mstari wa Amri

Mada kwa semina ya wasimamizi wa mifumo ya TEHAMA

Utangulizi

Seva ikianza kulemewa saa nne asubuhi, swali la kwanza la msimamizi wa mfumo huwa fupi: ni nani yumo ndani? Jibu lake ni herufi moja. Akiandika w na kubonyeza Enter, mashine ya Linux humpa orodha ya waliomo, saa waliyoingia, anwani walikotokea, muda waliokaa bila kugusa kibodi na programu wanayoiendesha.

Ugumu huanza pale jibu linapoaminiwa kupita kiasi. Mada hii inashikilia kwamba amri za kumtafuta mtumiaji hazijui chochote zenyewe. Kila moja husoma daftari fulani, na madaftari hayo hayaandikwi na mkono mmoja wala kwa wakati mmoja. Msimamizi anayejua amri bila kujua daftari lake atampa mkuu wake taarifa potofu huku akiapa kuwa mashine ndiyo iliyosema.

Mstari wenye sehemu saba

Katika familia ya Unix, daftari kongwe la watumiaji ni faili la /etc/passwd. Kila akaunti ina mstari wake, na kila mstari una sehemu saba zinazotenganishwa na nukta pacha. Huu ni mfano wa kubuni:

mhasibu2:x:1004:1004:Ofisi ya Uhasibu,Chumba 12:/home/mhasibu2:/bin/bash

Ya kwanza ni jina la kuingilia. Ya pili zamani ilihifadhi nywila iliyofumbwa. Leo ina herufi x tu, na nywila imehamishiwa /etc/shadow, ambako mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuchungulia. Ya tatu ni namba ya mtumiaji, na ya nne ni namba ya kikundi chake cha msingi. Namba 0 ni ya root, mwenye mamlaka yote. Kwenye Debian na Ubuntu watu wa kawaida huanzia 1000. Mbele ya mashine, namba ndiyo mtu. Akaunti mbili zenye majina tofauti zikipewa namba 0, zote mbili ni root, na ndiyo maana mkaguzi makini huitazama safu ya tatu kabla ya ile ya kwanza. Sehemu mbili za mwisho hutaja kabrasha la mtumiaji na programu inayompokea akiingia.

Sehemu ya tano ina kisa chake. Huitwa GECOS, jina la mfumo endeshi wa kampuni ya General Electric ya Marekani. Watengenezaji wa Unix katika Bell Labs walikuwa wakituma kazi zao za kuchapisha kwenye mashine ya GECOS, wakatenga sehemu ya kuhifadhi utambulisho uliotakiwa huko. Mashine hizo zimeshasahaulika. Sehemu imebaki, na sasa hubeba jina kamili la mtu, chumba chake na namba ya simu.

Maswali manne

Je, akaunti hii ipo? Wengi hukimbilia kusoma /etc/passwd moja kwa moja. Kwa kompyuta iliyo peke yake, hilo linatosha. Ofisi yenye seva ya LDAP au Active Directory huwaweka watumiaji wake huko, na faili la mashine haliwajui. Hapo hutumika getent passwd mhasibu2, kwa kuwa getent hufuata utaratibu ulioandikwa ndani ya /etc/nsswitch.conf na kuuliza vyanzo vilivyotajwa kimoja baada ya kingine. Hata hivyo kuna mtego. Mashine zinazozifikia seva hizo kupitia SSSD, zikiachwa na mpangilio wake wa kawaida, hazitoi orodha ya watumiaji wote wa mtandao. Amri ya getent passwd isiyo na jina italeta akaunti za humo ndani tu. Jina likitajwa, yule aliyeonekana hayupo anajitokeza.

Ana uwezo gani? Amri ya id hutaja namba ya mtumiaji na vikundi vyake. Chukua mtu aliyeongezwa kwenye kikundi cha sudo wakati tayari yumo ndani. Akiandika id peke yake, kikundi kipya hakionekani, maana amri husoma haki za kikao alichonacho. Akiandika id pamoja na jina lake, daftari la vikundi linasomwa upya na sudo inaonekana. Majibu yote mawili ni sahihi, na hulingana pindi akitoka na kuingia tena. Malalamiko mengi ya “nimepewa ruhusa lakini haifanyi kazi” huishia hapo.

Yumo sasa hivi? Kwa desturi, who na w husoma rekodi iitwayo utmp.

Aliingia lini? Amri ya last husoma rekodi nyingine, wtmp, na kuanza na walioingia karibuni. Lastb huonyesha waliojaribu wakashindwa, nayo huhitaji mamlaka ya root. Mashine nyingi huhifadhi wtmp kwa muda kisha huifuta ya zamani, kwa hiyo kukosekana kwa jina hakuthibitishi kwamba mtu hajawahi kuingia. Isitoshe, rekodi hizi ziliundwa kwa saa ya biti 32, ambayo itajaa tarehe 19 Januari 2038. Ndiyo sababu Debian 13, iliyotoka mwaka 2025, iliziondoa last na lastlog kwenye vifurushi vyake vya zamani na kuweka mbadala: wtmpdb na lastlog2. Atakayeisasisha seva yake na kukuta last haipo, asidhani ameingiliwa.

Kwa upande wa Windows

Windows ina whoami kwa ajili ya mtumiaji aliyepo, query user kwa vikao vilivyo wazi, na net user kwa akaunti za mashine. Likiongezwa jina na neno /domain, net user huiuliza seva ya domeni na kurudisha jina kamili, hali ya akaunti, siku ya kuisha kwa nywila, vikundi, na mara ya mwisho kuingia.

Kipengele hicho cha mwisho kichunguzwe vizuri. Katika Active Directory, sifa ya lastLogon haisambazwi kati ya seva za domeni. Kila seva hukumbuka walioingia kupitia kwake tu. Ofisi yenye seva tatu inaweza kupata tarehe tatu za mtu mmoja. Ipo sifa nyingine, lastLogonTimestamp, inayosambazwa, lakini kwa mpangilio wa kawaida inaweza kuchelewa hadi wiki mbili. Inafaa kusaka akaunti zilizolala miezi mitatu. Kumtuhumu mtumishi kwamba aliingia jana usiku, haifai hata kidogo.

Enzi ya finger

Mwaka 1971, katika maabara ya akili mnemba ya Chuo Kikuu cha Stanford, Les Earnest aliwaona wenzake wakipitisha kidole juu ya orodha ya waliomo kwenye kompyuta, wakijaribu kubaini nani ni nani kutokana na vifupisho vya majina. Akaandika programu ya finger, iliyotaja majina kamili na muda ambao mtu hajagusa mashine. Baadaye ilivuka mipaka ya mashine moja: hati ya RFC 742 ya Desemba 1977 iliweka utaratibu wa kuuliza habari za mtumiaji wa mbali kupitia mtandao, nao ukapewa lango namba 79. Mtu aliandika anachofanya katika faili la .plan, na yeyote aliweza kulisoma. Miaka ya 1990 John Carmack wa id Software aliitumia .plan yake kueleza maendeleo ya michezo ya kompyuta aliyokuwa akiitengeneza, na mashabiki waliifuatilia kwa hamu.

Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kiliunganisha hata mashine ya kuuzia soda, watu wakaiuliza kwa finger kama chupa zimepoa. RFC 1288 ya Desemba 1991 ikaziwekea mashine za namna hiyo kifungu chao, pamoja na onyo kwamba kamwe zisile pesa za wateja.

Utani huo ulikuja baada ya msiba. Tarehe 2 Novemba 1988, Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Cornell, aliachia mnyoo kwenye intaneti. Moja ya njia zake ilikuwa huduma ya finger yenyewe: ilisoma swali bila kupima urefu wake, na mnyoo ukaitumia baiti 536 mahali palipotengwa 512, ukatwaa kompyuta za VAX. Ukishaingia, ulifungua /etc/passwd, ambayo wakati huo bado ilikuwa na nywila zilizofumbwa, ukajaribu kuzikisia kwa jina la kuingilia, jina hilo likigeuzwa nyuma mbele, na majina ya mtu yaliyoandikwa kwenye sehemu ya GECOS, kisha kwa kamusi yake ya maneno 432. Taarifa zilizowekwa ili wenzake wamfahamu mtumiaji ndizo zilizomfungulia mwizi. Mwaka 1990 Morris alihukumiwa miaka mitatu ya uangalizi, saa 400 za huduma kwa jamii na faini ya dola 10,050.

Leo huduma ya finger haipo kwenye seva nyingi, na lango 79 hufungwa.

Mapendekezo kwa majadiliano

1. Sehemu ya GECOS ibaki na jina na idara tu. Namba ya simu ya mtumishi ni taarifa binafsi, na mtumiaji yeyote wa mashine anaweza kuisoma. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

2. Ripoti yoyote ya “aliingia lini” itaje amri iliyotumika, seva iliyoulizwa na tarehe rekodi inapoanzia.

3. Kila robo mwaka, orodha ya akaunti ilinganishwe na orodha ya watumishi kutoka ofisi ya utumishi, zikiwemo akaunti zenye namba 0.

4. Akaunti ya aliyeondoka ifungwe kikamilifu. Amri ya usermod -L huzuia nywila pekee. Mwenye ufunguo wa SSH bado anaweza kupita. Iongezwe usermod -e 1 ili akaunti yenyewe ihesabiwe kuwa imekwisha muda, kisha getent na id zitumike kuhakiki vikundi alivyobakiwa navyo.