Nyuzi za Silikoni na Soko la Grafiti
Betri ya lithiamu huhifadhi umeme kwa kupokea ioni, yaani atomi zenye chaji, katika elektrodi hasi ambayo kwa kawaida hutengenezwa kwa grafiti. Silikoni inaweza kuhifadhi karibu mara kumi ya kiasi kinachohifadhiwa na grafiti kwa kila gramu, lakini hutanuka hadi takriban mara nne ya ujazo wake inapochajiwa, kisha hupasuka. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wakiongozwa na Yi Cui, walionyesha kwamba nyuzi za silikoni zenye unene wa makumi ya nanomita, nanomita ikiwa sehemu moja ya bilioni ya mita, hutanuka bila kuvunjika. Hata hivyo, uso mpana wa nyuzi hizo huchochea mimenyuko ya kikemia inayopunguza lithiamu, na hiyo ni sababu mojawapo ya watengenezaji wengi kuchanganya silikoni kidogo na grafiti. Kwa hiyo grafiti bado inahitajika, na kwa Tanzania, yenye akiba kubwa ya madini hayo katika eneo la Mahenge, soko halijafungwa, ila faida halisi itatokana na kuisafisha na kuisindika nchini badala ya kuiuza ghafi.