Kodi ya Michezo ya Ukatili Haimlindi Mtoto



Tarehe 14 Desemba, 2012, katika mji mdogo wa Newtown, jimbo la Connecticut nchini Marekani, kijana wa miaka 20 aliingia na bunduki katika shule ya msingi ya Sandy Hook, akaua watoto 20 na watu wazima sita waliokuwa wakifanya kazi shuleni hapo. Kabla ya kwenda huko alikuwa amekwisha kumwua mama yake mzazi nyumbani. Hakuna taifa linaloweza kuupokea msiba wa namna hiyo na kunyamaza, na Wamarekani hawakunyamaza. Yalizuka mabishano makali juu ya nini hasa cha kulaumiwa. Miongoni mwa vilivyolaumiwa mapema kabisa ni michezo ya video, hii ambayo vijana wa Dar es Salaam huiita "gemu", na hasa ile ambayo mchezaji hushika bunduki ya picha na kuua watu wa picha.

Mwezi uliofuata, Januari 2013, mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria la jimbo la Missouri alipeleka mswada wa kutoza kodi ya asilimia 1 juu ya michezo yenye ukatili, fedha zake zisaidie huduma za wagonjwa wa akili. Katika Connecticut kwenyewe lilitolewa pendekezo la asilimia 10. Hata kabla ya msiba huo, mwaka 2012, Oklahoma ilikuwa imekwisha kuletewa mswada wa asilimia 1. Baada ya mauaji mengine katika shule ya Parkland, jimbo la Florida, mwaka 2018, Rhode Island na Pennsylvania nazo zikaletewa mapendekezo ya asilimia 10. Hakuna hata moja kati ya mapendekezo hayo lililopata kuwa sheria, lakini wazo lenyewe halikufa. Mwezi Septemba, 2025, Serikali ya Mexico iliomba kodi ya asilimia 8 juu ya michezo ya namna hiyo, na Bunge la nchi hiyo likaikubali.

Yafaa hoja ya wanaotaka kodi isikilizwe kwa heshima, maana si watu wa mzaha. Wao husema hivi: Serikali hutoza ushuru juu ya sigara na pombe kwa sababu vitu hivyo vina madhara, na madhara hayo hulipiwa na jamii nzima kupitia hospitali na polisi. Bei ya sigara ikipanda wavutaji hupungua, hasa vijana na watu wa kipato cha chini. Jambo hilo limethibitishwa katika nchi nyingi. Basi kwa nini kampuni inayotajirika kwa kumwuzia mtoto picha za mauaji isichangie gharama za kuituliza jamii? Hapana mtu mwenye kupenda haki atakayeidharau hoja hiyo kwa mara ya kwanza kuisikia.

Hata hivyo, ukiichunguza kwa makini, inaanza kuvuja. Sigara huisha ikivutwa, na bia huisha ikinywewa. Anayetaka nyingine hana budi kurudi dukani, na kila akirudi anakutana na ushuru. Mchezo wa video hununuliwa mara moja, ukachezwa saa elfu. Mchezo mpya ulipokuwa ukiuzwa dola 60 huko Marekani, kodi ya asilimia 1 ilikuwa senti 60. Kwa senti hizo 60 hakuna saa hata moja ya kucheza itakayopungua. Kodi ya asilimia 10 ni dola 6. Mtoto wa tajiri ataongezewa dola hizo na baba yake bila swali, na mtoto wa mfanyakazi wa kiwandani atakosa, au ataazima kwa jirani. Kwa hiyo kinachoitwa ulinzi wa watoto kinageuka kuwa uzio unaowazuia watoto wa wanyonge peke yao. Kama mchezo fulani ni sumu kwa mtoto wa miaka kumi, basi ni sumu hata kwa yule ambaye baba yake ana fedha, na sumu haiuzwi kwa mtoto kwa kuwa tu amelipa zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo watunga miswada hiyo hawakulizungumza sana. Mingi ya michezo inayopendwa leo haiuzwi kabisa. Fortnite, kwa mfano, ilipotoa mwaka 2017 ule mchezo wake wa wachezaji mia kupigana mpaka abaki mmoja, iliutoa bure, na kampuni ikajipatia mapato kwa kuuza mavazi na mapambo ya wachezaji ndani ya mchezo. Asilimia 10 ya bure ni bure. Na mfano ulio mzito kuliko wote ulitoka serikalini kwenyewe. Mwezi Julai, 2002, Jeshi la Marekani lilitoa mchezo wa vita uitwao America's Army, ukiwa bure, kwa kusudi la kuwavutia vijana wajiandikishe jeshini. Ulidumu karibu miaka 20 mpaka ulipofungwa mwaka 2022. Hebu ifikiriwe kodi ya mauaji ya picha ambayo kampuni binafsi inailipa, na ambayo mchezo wa Jeshi lenyewe, wenye kumwalika kijana kwenye vita vya kweli, haulipi hata senti!

Tena kuna swali la nani atakayeamua kwamba mchezo huu una ukatili na ule hauna. Marekani michezo hupangwa katika madaraja ya umri na bodi iitwayo ESRB, iliyoanzishwa mwaka 1994 na wenye viwanda vya michezo wenyewe, baada ya Baraza la Seneti kuwahoji mwaka 1993 na kuwatisha kwamba Serikali ingefanya kazi hiyo kama wao wasingeifanya. Mswada wa Oklahoma uliyachukua madaraja hayo ukayafanya kipimo cha kodi: kila mchezo uliowekwa daraja la vijana wa miaka 13 na kuendelea ulihesabiwa kuwa wa ukatili. Lakini bodi humweka mchezo katika daraja hilo hata kwa sababu ya maneno machafu ya wimbo. Kwa kipimo hicho, Guitar Hero III, mchezo wa kupiga gitaa, ungelipa kodi ya mauaji. Mexico nako kodi ilipitishwa na Bunge Oktoba 2025, na Desemba ya mwaka huo huo Rais Claudia Sheinbaum akatangaza kwamba haitatozwa. Sababu aliyoitoa ni hiyo hiyo: ni vigumu kupambanua upi una ukatili na upi hauna.

Watumishi wa Serikali wanaosoma sheria watatambua kwamba ugumu huu si wa kitaalamu tu. Mwaka 1934 kundi la Huey Long, aliyelitawala jimbo la Louisiana kama shamba lake, lilitunga kodi ya asilimia 2 juu ya matangazo ya biashara katika magazeti yaliyouza nakala zaidi ya 20,000 kwa juma, ambayo karibu yote yalikuwa yakimpinga. Mahakama ya Juu ya Marekani iliifuta mwaka 1936. Mwaka 1987 mahakama hiyo hiyo iliifuta kodi ya jimbo la Arkansas, ambayo ilitoza majarida ya kawaida na kuyasamehe ya dini, ya michezo na ya wenye taaluma. Majaji waliona kwamba chini ya sheria ile mtoza kodi hana budi kusoma jarida kwanza ndipo ajue atoze kiasi gani. Mwandishi yeyote wa gazeti, liwe la Chama au la mtu binafsi, anaweza kupima mwenyewe maana ya mtoza kodi wa namna hiyo.

Kuhusu michezo ya video yenyewe, California ilitunga sheria mwaka 2005 ya kukataza kuwauzia watoto chini ya miaka 18 michezo ya ukatili, kwa faini ya hadi dola 1,000. Mahakama ya Juu iliibatilisha tarehe 27 Juni, 2011, kwa majaji saba dhidi ya wawili, ikisema kwamba michezo hiyo inalindwa na uhuru wa kusema kama vitabu. Mmoja wa wale wawili, Jaji Breyer, aliuliza swali ambalo mpaka leo halijajibiwa vizuri: kwa nini sheria imzuie mtoto wa miaka 13 kununua jarida lenye picha ya mwanamke aliye uchi, lakini imlinde anayemwuzia mchezo wa kumfunga mwanamke huyo kamba, kumtesa na kumwua? (Mtunga sheria ile ya California, Leland Yee, alihukumiwa kifungo cha miaka mitano mwaka 2016 kwa makosa ya rushwa, katika kesi ambayo ndani yake mlikuwa na mpango wa kuingiza silaha. Silaha za kweli, si za picha.)

Wataalamu nao wamesema nini? Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilitamka mwaka 2020 kwamba upo uhusiano mdogo kati ya michezo hii na ukorofi wa kawaida, kama kupiga kelele na kusukumana, lakini hakuna ushahidi wa kutosha kuihusisha na mauaji. Mwalimu aliyewahi kusimamia watoto wakati wa mapumziko hatashangazwa na nusu ya kwanza ya maneno hayo. Na huko Newtown, ripoti ya mwendesha mashtaka ya mwaka 2013 ilieleza kwamba nyumbani kwa muuaji mlikuwamo michezo ya vita, lakini mchezo aliokuwa akienda kuucheza kwa saa nyingi katika jumba la sinema ulikuwa wa kucheza dansi. Sababu ya kitendo chake haikupatikana. Kilichojulikana bila shaka ni kwamba bunduki alizozitumia zilinunuliwa na mama yake kwa njia halali.

Jambo hili halipo mbali na Tanzania. Katika mitaa ya miji yake vimo vibanda ambamo mtoto hulipa kidogo acheze mechi moja, aghalabu ya mpira, akipisha mwenzake. Mwenye kibanda alinunua diski mara moja, pengine nakala isiyo halali, na kodi ya diski hiyo, hata ingekuwa kubwa, ingegawanyika katika mechi elfu isionekane. Linaloonekana ni mtoto aliyevaa sare aliyeketi pale saa nne asubuhi. Hilo Hazina haliwezi kuliona. Huonekana na mwalimu anayeita majina darasani, na ofisi ya mtaa inayojua kibanda kiko wapi na kinafunguliwa saa ngapi. Sheria ya kumkataza mwenye kibanda kumpokea mwanafunzi wakati wa masomo, au kumwonyesha mtoto mchezo wa watu wazima, ingewagusa sawasawa mtoto wa mkubwa na mtoto wa mchuuzi.

Ama kwa Marekani, ambako mjadala huu ulianzia msibani, kodi inayolenga chanzo ipo, na si ngeni. Sheria ya mwaka 1937 iliutengea kazi maalumu ushuru wa Serikali kuu juu ya silaha, ambao leo ni asilimia 10 kwa bastola na 11 kwa bunduki nyingine na risasi. Fedha zake huenda kwenye hifadhi ya wanyama wa porini. Tangu tarehe 1 Julai, 2024, California imeongeza asilimia 11 yake yenyewe, na fedha hizo zimeelekezwa katika kuzuia mauaji na katika usalama wa shule. Mtoza kodi wa California hana haja ya kukaa mbele ya kioo cha televisheni akipima damu ya picha imemwagika kiasi gani. Anahesabu bunduki zilizouzwa.