Jibu la Maabara ni Amana

Mwezi Septemba mwaka 2022 kijana wa miaka 24 katika wilaya ya Mubende, nchini Uganda, alishikwa na homa kali, akatokwa na damu, na hatimaye akafariki. Sampuli ya damu yake ilipimwa Entebbe, katika Taasisi ya Utafiti wa Virusi iliyoanzishwa mwaka 1936. Tarehe 20 Septemba taifa likatangaziwa kwamba Ebola imeingia.

Wapimaji hawakuishia kwenye neno Ebola. Walithibitisha kuwa ni aina ya Sudan. Tofauti hiyo ilikuwa kubwa, kwani chanjo zilizokwisha kuidhinishwa zilikinga aina ya Zaire. Kama jibu lingeandikwa kwa kubahatisha, wauguzi wangeweza kuingia wodini wakidhani wana kinga, kumbe hawana.

Mwezi Oktoba wilaya za Mubende na Kassanda zilifungwa, watu wakazuiwa kuingia na kutoka. Askari aliyesimama kwenye kizuizi cha barabara hakuwa na hadubini mkononi. Alitegemea uaminifu wa mtu asiyemjua, aliyeinamia chupa za damu mchana na usiku.

Ndiyo maana miiko ya maabara haina mzaha. Mpimaji huandika alichokiona, si alichotarajia. Chupa isiyo na jina huikataa na kuomba nyingine, hata kama foleni ni ndefu. Kipimo ambacho hakukifanya hakiandikii jibu. Na siri ya mgonjwa haitoki nje, isipokuwa kwa wale ambao sheria inawaruhusu kuijua.

Miiko hiyo inatuhusu sote. Kijana anayetaka kuingia jeshini asinunue cheti cha afya. Ofisa mwenye nyota begani asimwamuru mpimaji abadilishe jibu la kipimo cha ulevi cha dereva wake, wala asidai kuonyeshwa siri za maradhi ya askari wenzake. Mlinzi anayetia sahihi daftari la doria bila kuzunguka lindo anawahatarisha waliolala. Mpimaji anayeandika jibu la uongo hutenda kosa lile lile.

Tarehe 11 Januari 2023 Uganda ilitangaza mwisho wa mlipuko huo. Wagonjwa 142 walithibitishwa, na 55 kati yao walifariki. Vita hivyo vilianza kwa jibu moja la kweli. Basi tuwalinde wanaosema kweli, hata pale jibu lao linapotuuma.